Nani Rawi Wako? Kupima Sifa za Gemu Kabla ya Kutoa Pesa

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, wapenzi wanafunzi, na nyinyi wazazi ambao watoto wenu huwasomea jarida hili jioni, mwaka huu nimeombwa niandike kidogo juu ya somo la hadithi. Nami nimeona niliandike somo hilo hilo, ila nilipitishe mahali ambapo wengi wenu hamkutarajia: kwenye banda la gemu.

Sababu ni swali. Tulikuwa darasani hapa Kibaha tunasoma masharti ya hadithi sahihi, mwanafunzi mmoja wa safu ya nyuma akanyoosha kidole. Akasema, "Ustadhi, yule mtu anayesifia gemu kwenye video, naye si rawi? Maana anatuletea habari ya kitu ambacho sisi hatujakiona." Wenzake wakacheka. Mimi niliona kijana amelielewa somo kuliko waliocheka. Kila anayekuletea habari ya kitu usichokiona amekutaka umwamini, na Allah ametuamrisha katika Surat al-Hujurat, aya ya 6, kwamba habari ikiletwa na mtu asiyeaminika tuichunguze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta.

Niseme mapema mambo mawili. La kwanza, heshima ya hadithi za Mtume (s.a.w.) haifananishwi na maneno ya mchezo. Ninachoazima hapa ni njia tu ya wanazuoni wetu ya kupima mleta habari. La pili, sikukaa hapa kutoa fatwa ya gemu. Mchezo wenye kamari, wenye uchi au wenye kukupotezea swala unajulikana hukumu yake. Nazungumzia ile mingine ambayo watoto wetu wanacheza tayari, tupende tusipende, na pesa za nyumbani zinatoka kwa ajili yake.

Na pesa hizo si kidogo. Dada yangu anaishi Kisarawe, anauza maandazi na chapati asubuhi. Mwanawe mkubwa, mpwa wangu, alimaliza kidato cha nne akafungua kibanda chenye televisheni mbili na mashine mbili za PlayStation 4 za mkononi. Vijana wanalipa kwa kila mechi. Siku moja dada akanipigia simu, "Mdogo wangu, huyu mjomba wako anataka nimkopee shilingi 120,000 kwenye kikoba anunue gemu jipya. Anasema dunia nzima inalisifu. Mimi sijui PlayStation wala sijui dunia. Njoo umsikilize." Ijumaa baada ya swala nikapanda gari Maili Moja, nikashuka Mbezi, nikapanda tena mpaka Gongo la Mboto, ndipo nikaingia Kisarawe.

Mpwa wangu alinipokea vizuri. "Shikamoo mjomba." "Marahaba." Akaniletea kiti, akanionyesha ushahidi wake: video ya kijana mmoja wa nje mwenye wafuasi wengi, maneno ya rafiki yake wa shule, na maneno ya muuzaji wa Kariakoo. Nikamwambia, "Sawa. Una wapokezi watatu. Sasa tuwapime mmoja mmoja kwa yale masharti matano uliyoyasoma madrasa." Masharti yenyewe yanajulikana, na Imamu Ibn as-Salah, aliyefariki mwaka 643 Hijria, ameyakusanya katika kitabu chake mashuhuri cha elimu ya hadithi: sanad iliyoungana, uadilifu wa mpokezi, udhibiti wake, habari isiwe shadhi, na isiwe na illa.

Sharti la kwanza ni kuungana kwa sanad. Yaani aliyesema, je, amekiona au amekisikia mwenyewe, au kuna mtu katikati ametoweka? Nikamuuliza mpwa wangu, "Rafiki yako amelicheza gemu hili?" Akajibu, "Hajalicheza mjomba, ila ameliona kwa mtu." Huyo mtu ni nani, hakujua. Sanad imekatika hapo, na rafiki akawekwa kando bila ugomvi.

Sharti hili linafaa hata panapokuwa na maelfu ya watu. Tarehe 19 Juni 2020 ulitoka mchezo wa watu wazima uitwao The Last of Us Part II. Mchezo ule humchukua mchezaji zaidi ya saa 20 kuumaliza. Lakini saa chache tu baada ya kutoka, maelfu ya watu walikuwa wameshajaza alama za chini kabisa katika tovuti ya Metacritic, ambayo hukusanya alama za wahakiki na za wachezaji. Ni wazi wengi wao hawakuwa wameucheza. Walikuwa na hasira na habari zilizovuja kabla. Mwezi uliofuata Metacritic ikaweka utaratibu wa kuwazuia wachezaji kutoa maoni mpaka zipite saa 36 tangu mchezo kutoka.

Hapa mwanafunzi anaweza kuuliza: je, wingi si ndiyo tawaturi? Hapana. Wanazuoni wameshurutisha kwamba habari ya mutawatiri iishie kwenye kuona au kusikia. Watu elfu kumi wasioona hawafikii shahidi mmoja aliyeona. Linganisha na eFootball, mchezo uliorithi ule wa Pro Evolution ambao vibanda vyetu vyote vimeukulia. Ulipotoka tarehe 30 Septemba 2021, wachezaji wa nchi mbalimbali, wasiojuana, waliulalamikia kwa mambo yale yale, na wakaonyesha picha za wachezaji wenye nyuso zilizopinda. Katika duka la Steam ukawa miongoni mwa michezo iliyowahi kupewa alama mbaya kuliko yote, na kampuni ya Konami ikaomba radhi. Wingi ule ulikuwa na macho. Tena ujue, mchezo huo ulirekebishwa sana mwaka uliofuata, kwa hiyo anayekusomea lawama za mwaka 2021 kana kwamba ni za leo naye amekupotosha. Habari ina tarehe yake.

Sharti la pili ni uadilifu. Wahenga wamesema mwamba ngoma huvutia kwake. Tukaiangalia ile video tangu mwanzo, na kumbe sekunde za mwanzo tu yule kijana anaishukuru kampuni kwa kumpelekea gemu bure na kudhamini video yake. Mpwa wangu alikuwa akiziruka sekunde hizo kila mara. Kupewa zawadi hakumfanyi mtu kuwa mwongo, na kusema wazi kwamba amepewa ni dalili njema. Lakini maneno yake hayawezi kubeba peke yake mkopo wa mama wa watu.

Wapo wasiosema. Mwaka 2016 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ilifikia makubaliano na kampuni ya Warner Bros. juu ya mchezo wa Shadow of Mordor wa mwaka 2014. Kampuni ililipa watengeneza video mashuhuri, akiwemo PewDiePie, wausifu mchezo na wasionyeshe kasoro zake, na watazamaji hawakuelezwa ipasavyo kwamba sifa zile zimelipiwa. Video hizo zilitazamwa zaidi ya mara milioni 5.

Na wapo walioshikilia ukweli ukawagharimu. Novemba 2007 mhakiki Jeff Gerstmann aliachishwa kazi katika tovuti ya GameSpot muda mfupi baada ya kuupa mchezo wa Kane & Lynch alama 6 kati ya 10, wakati tangazo la mchezo huo huo lilikuwa limetanda katika kurasa za tovuti. Mwaka 2012 alipoweza kuzungumza wazi alieleza kuwa wakuu wake walikuwa wakibanwa na watangazaji. Mzingatieni huyu, wanafunzi. Tunajifunza kwamba mtu anayetoa ushahidi unaomletea hasara ni mwenye kusadikika zaidi kuliko anayetoa ushahidi unaomletea faida. Kwa hiyo ukitaka kumjua mhakiki, tafuta kwanza aliowahi kuwalaumu. Asiyewahi kulaumu gemu hata moja ni mpiga debe.

Muuzaji wa Kariakoo tulimpima kwa sharti hili hili. Sikumwita mwongo, maana simjui na kudhania watu vibaya ni dhambi. Nilimwambia mpwa wangu tu kwamba kila anayeuza machungwa Kisarawe huyasifu machungwa yake, na bado mama yako huyaminya kabla ya kununua.

Sharti la tatu ni udhibiti, yaani mpokezi ahifadhi na aeleze jambo kama lilivyo, bila kuchanganya. Mwema asiye na udhibiti habari yake ni dhaifu pamoja na wema wake. Nikamuuliza mpwa wangu, "Yule kijana amelichezea kwenye mashine gani?" Tukarudia kutazama, kumbe ni PlayStation 5. Kibanda kina PlayStation 4.

Jambo hili limewahi kuwaunguza mamilioni. Desemba 2020 ulitoka Cyberpunk 2077, mchezo wa watu wazima uliosubiriwa miaka mingi. Wahakiki wa mwanzo walipewa ule wa kompyuta peke yake, na hawakuruhusiwa kuonyesha picha walizorekodi wenyewe. Wakausifu kwa walichokiona, na katika hilo hawakusema uongo. Mwenye PlayStation 4 aliponunua akakuta unakwama na kuzima. Haikupita hata wiki mbili, Sony ikauondoa katika duka lake na kurudisha pesa za watu, na mchezo haukurudi dukani humo mpaka Juni 2021. Sifa zilikuwa za kweli, ila zilikuwa za kitu kingine. Kwa hiyo uliza: amecheza muda gani, kwa mashine gani, toleo lipi? Duka la Steam huandika pembeni ya kila maoni saa ambazo mtoa maoni amecheza. Msome mwenye saa 80 kabla ya mwenye dakika 12.

Sharti la nne, isiwe shadhi. Shadhi ni pale mwaminifu mmoja anapokhalifu walio waaminifu zaidi yake. Basi usisome mmoja ukafunga. Soma watatu wanne wasiotoka nyumba moja, na uwe na hakika mmoja wao amelaumu. Wakikubaliana juu ya kasoro fulani, kasoro hiyo ipo. Akibaki mmoja anasifu peke yake kile ambacho wote wamekilaumu, msubirishe.

Sharti la tano, isiwe na illa, yaani kasoro iliyojificha ndani ya kitu kinachoonekana kizima. Hili ndilo gumu kuliko yote, na wanaolijua ni wachache. Tangu mwaka 1994 Marekani ina bodi ya ESRB inayopanga umri wa kila gemu, na Ulaya ina alama za PEGI tangu mwaka 2003: 3, 7, 12, 16 na 18. Ni msaada mkubwa, nanyi wazazi zitazameni. Lakini mwaka 2005 iligundulika kwamba ndani ya Grand Theft Auto: San Andreas, gemu ambalo wengi wenu mnalijua, kulikuwa kumefichwa sehemu ya uchafu ambayo bodi haikuonyeshwa. Bodi ikabadilisha daraja lake kuwa la watu wazima peke yao. Na hapa kwetu kuna illa nyingine: CD nyingi za kuchoma huuzwa ndani ya karatasi nyeupe. Boksi lenye alama ya 18 halijafika Kisarawe wala Maili Moja. Mtoto wa miaka 9 anapokea CD tupu na kijana wa banda hana cha kumwonyesha.

Illa nyingine hukawia. Crash Team Racing Nitro-Fueled, mchezo wa magari ya watoto, ulitoka Juni 2019 ukasifiwa. Agosti, wahakiki wakiwa wameshamaliza kazi yao, yakaongezwa ndani yake maduka ya kununua vitu kwa pesa halisi. Ile michezo inayouza masanduku ya bahati, unalipa hujui utapata nini, nchi ya Ubelgiji iliihesabu kuwa ni kamari mwezi Aprili 2018. Sisi hatukuhitaji kusubiri Ubelgiji, maana maysiri imekatazwa kwetu katika Surat al-Maida.

Na hapa nisimame kidogo, kwa sababu limetufika nyumbani. Kijana mmoja wa madrasa hii, simtaji wala hamtamjua, alipokea kwenye simu sifa za "gemu inayolipa". Mtu alijirekodi akisema amecheza jioni moja akatoa elfu themanini. Kijana akaweka pesa aliyopewa na bibi yake ya kulipia mtihani. Ilikwisha usiku ule ule. Alipokuja kwangu alikuwa hajala tangu jana, na aliyemwogopa zaidi alikuwa bibi yake. Tukalizungumza, bibi akaelezwa, mtihani ukalipiwa, alhamdulillah. Lakini tazameni sanad yake. Yule msifiaji hakujulikana jina wala anapoishi, na hulipwa kwa kila anayemwingiza. Kilichoitwa gemu kilikuwa ni dubwi lile lile la vichochoroni, limevalishwa nguo ya kitoto. Katika sharti zote tano hakupita hata moja. Laiti angeuliza swali moja tu, "huyu anafaidikaje nikimwamini?", asingelala na njaa.

Linabaki jambo moja ambalo wahakiki wa nje, hata waadilifu, hawawezi kutufanyia. Nyote mnasoma Qur'ani kwa riwaya ya Hafs kutoka kwa Asim. Hafs ni imamu katika kisomo, dunia inamfuata. Lakini wanazuoni wa hadithi walimhesabu dhaifu katika upokezi wa hadithi. Mtu mmoja, hoja katika fani moja, dhaifu katika nyingine. Mhakiki wa London anaweza kuwa imamu wa kukueleza picha na mwendo wa gemu, na asiwe lolote katika yanayokuhusu wewe.

Mwaka 2009 ulitoka Resident Evil 5. Wengi waliusifu. Maadui wake wamewekwa katika nchi ya kubuni ya Afrika Magharibi, wanaitwa Majini, na wanapiga kelele kwa Kiswahili! Mswahili akisikia mara moja anajua kuna jambo si sawa: lugha haitoki huko, na tunajua kutoka Surat al-Jinn kwamba hata katika majini wamo waliosilimu. Na Oktoba 2008 Sony ililazimika kuzirudisha nakala za LittleBigPlanet kabla hazijauzwa, kwa sababu wimbo mmoja ndani yake, wa mwanamuziki wa Mali Toumani Diabaté, ulikuwa na maneno ya Qur'ani. Aliyelitambua jambo hilo ni mchezaji Muislamu aliyesikiliza, akaiandikia kampuni. Wataalamu wote wa picha na sauti walilipita. Sikio lililosomeshwa madrasa liliona illa ambayo wao hawakuiona. Basi nanyi msidhani elimu yenu haina kazi huko.

Turudi Kisarawe. Wapokezi watatu walipoanguka, nilimpigia kijana mwenye kibanda Maili Moja, ambaye analo gemu lile kwa mwezi mzima, kwa mashine kama ile, na hauzi CD. Akasema, "Ustadhi, gemu zuri, lakini ni la mtu mmoja, hadithi ndefu. Kwenye banda watu wanataka wawili wawili. Mimi limenilalia." Maneno mafupi, hayana picha wala muziki, na ndiyo yaliyokuwa na sanad. Mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema mwenyewe, "Basi mjomba, tusikope." Akanunua CD ya mpira ya msimu uliopita, ya mkononi, kwa pesa ya kibandani. Nami nikamwomba neno moja zaidi: ule utaratibu wa "anayefungwa ndiye analipa" auondoe, kila mmoja alipe chake, maana unanuka kamari. Akakubali, ingawa wateja wawili walinuna.

Wazazi wangu, hamhitaji kuijua PlayStation ndipo mumwongoze mtoto. Dada yangu haijui mpaka leo. Muulizeni tu: aliyekwambia amecheza mwenyewe? Amelipwa na nani? Amecheza kwenye mashine kama yetu, lini, na kwa muda gani? Wengine wanasemaje? Na ndani yake kumefichwa nini cha pesa au cha uchafu? Mtoto akishindwa kujibu, mwambieni akatafute jibu kwanza, pesa itasubiri.

Nanyi wanafunzi, mkizoea kuuliza hivi katika mambo madogo ya michezo, mtauliza hivi pia atakapokuja mtu na dawa ya miujiza, na kazi ya Uarabuni isiyo na mkataba, na uvumi juu ya jirani yenu. Allah atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuchunguza kabla ya kusadiki, na atulinde sisi na vizazi vyetu na kila chenye kudhuru. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.